Meli ya misaada ya maafa: bei ya kununulia ni sehemu ndogo ya hesabu

Mwaka 1994 serikali ya New Zealand iliingia katika soko la meli za mtumba na kutoka na kitu kilichoonekana kuwa bahati. Kwa takriban dola milioni 14 za nchi hiyo ilipata Mercandian Queen II, meli ya mizigo iliyoundwa Denmark mwaka 1984, ya aina ile ambayo malori huingia na kutoka kwa magurudumu yake yenyewe kama yanavyofanya kwenye pantoni. Jeshi lilikuwa linahitaji chombo cha kupeleka magari, wahandisi na shehena za misaada katika visiwa vya Pasifiki ya Kusini, ambako vimbunga na matetemeko ya ardhi si jambo la ajabu. Meli mpya iliyosanifiwa kwa kazi hiyo ingegharimu mara nyingi zaidi. Kwa macho ya mhasibu, hapakuwa na la kujadili.

Meli ilipakwa rangi ya kijivu, ikapewa jina la Charles Upham, shujaa wa Vita Kuu ya Pili aliyetunukiwa nishani ya Victoria Cross mara mbili, na Oktoba 1995 ikaanza kutumika katika jeshi la majini. Kasoro zikajitokeza mapema. Chombo kile kilisanifiwa kubeba mzigo mzito wa kibiashara, na ni mzigo huo uliokuwa unakituliza. Malori ya jeshi, mahema na magunia ya chakula huchukua nafasi kubwa lakini uzito wake ni mdogo. Kwa hiyo meli ilielea juu kuliko ilivyokusudiwa na kuyumba vibaya baharini. Kuifanyia matengenezo ya kuifaa kazi yake kulihitaji fedha nyingine nyingi. Baada ya safari chache tu ikakaa gatini, na mwaka 1998 ikakodishwa kwa kampuni ya Hispania, ikawa inabeba machungwa na malimau katika bahari ya Mediterania. Kazi hiyo iliiweza. Mwaka 2001 ikauzwa.

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kununua lori la mtumba kwa bei ya chee, kisha akagundua kuwa haliwezi kupanda mlima wa njia yake, anaielewa habari hii bila kufafanuliwa. Tofauti ni kwamba lori likishindwa mlima mzigo unachelewa, na mteja analalamika. Meli ya misaada ikishindwa bahari, kuna watu kisiwani wasio na maji ya kunywa. Ndiyo sababu uamuzi wa meli gani inunuliwe, na kwa bei gani, unastahili kuangaliwa kwa macho ya biashara kabla ya kuangaliwa kwa macho ya jeshi.

KAZI YENYEWE

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuanza na meli badala ya kuanza na kazi. Mfano mzuri wa kazi hiyo ni Tonga. Jumamosi ya tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai ililipuka baharini, kiasi cha kilomita 65 kutoka mji mkuu, Nuku'alofa. Mawimbi ya tsunami yakapiga visiwa, majivu yakaingia katika maji ya kunywa, na waya wa mawasiliano uliolazwa chini ya bahari ukakatika, hata nchi nzima ikawa kama imezimwa. Uwanja wa ndege ukafunikwa na majivu, na ilichukua siku kadhaa za kufagia ndipo ndege za mizigo zikaweza kutua tarehe 20.

New Zealand ilituma meli mbili za kwanza tarehe 18. Ya kwanza, Wellington, haikwenda hasa kwa ajili ya mizigo. Ilibeba wapimaji wa bahari na wapiga mbizi wa kukagua kama mlango wa bandari bado unapitika, kwa sababu baada ya tsunami hakuna nahodha mwenye akili atakayeamini ramani ya jana. Ya pili, Aotearoa, ni meli ya mafuta ya jeshi iliyoundwa Korea Kusini kwa karibu dola milioni 500 za New Zealand. Ilifika na lita 250,000 za maji, pamoja na mitambo yenye uwezo wa kusafisha maji ya bahari lita 70,000 kwa siku. Tonga ina watu wapatao 100,000. Kama shehena ile ingegawanywa sawasawa, kila mtu angepata lita mbili na nusu, na baada ya hapo kila kitu kingetegemea mitambo ya melini na ukarabati wa nchi kavu. Meli ya mizigo hasa, Canterbury, ikafuata nyuma ikiwa na helikopta na vifaa vizito.

Kutokana na tukio hilo msomaji anaweza kuona ni nini kinachonunuliwa. Kasi si jambo kubwa kama wauzaji wanavyopenda kusema. Kutoka New Zealand hadi Tonga ni kiasi cha kilomita 2,000, sawa na maili za baharini 1,080 hivi. Meli inayokwenda maili 16 kwa saa itafika kwa muda usiozidi siku tatu. Inayokwenda maili 20 itaokoa kama nusu siku. Lakini meli iliyo tayari gatini, yenye mabaharia, mafuta na shehena iliyopangwa, inaokoa siku nzima au mbili kuliko ile yenye injini kubwa ambayo mabaharia wake wanatafutwa majumbani.

Kinachouma zaidi ni mita mia chache za mwisho. Visiwa vingi vimezungukwa na miamba ya matumbawe na maji mafupi, gati ni dogo au limevunjika, na winchi ya bandarini haina umeme. Meli inayotegemea gati zima ni sawa na duka lisilo na mlango. Kwa hiyo kinachotafutwa ni chombo kisichozama sana majini, chenye winchi zake chenyewe, mashua bapa za kuteremshia malori ufukoni, uwanja wa helikopta, chumba cha upasuaji, na uwezo wa kutengeneza maji. Mizinga si lazima. Rada za kufuatilia makombora si lazima. Hapo ndipo penye fedha ya kuokoa, kwa sababu katika manowari ya kawaida silaha na vyombo vyake vya umeme ndivyo vinavyokula sehemu kubwa ya bei, wakati bati na injini ni bei ya soko la kawaida.

CANTERBURY: MKATABA WA BEI MOJA

Baada ya mkasa wa Charles Upham, New Zealand iliamua kutonunua mtumba. Julai 2004 ilisaini mkataba wa dola milioni 500 za nchi hiyo na kampuni ya Tenix ya Australia kwa meli saba: mbili za doria ya bahari kuu, nne za doria ya pwani, na moja kubwa ya kazi nyingi. Hiyo ya mwisho ndiyo Canterbury, iliyogharimu takriban dola milioni 177. Bati lake lilijengwa Uholanzi, katika kiwanda cha Merwede, kwa kufuata mchoro wa Ben-my-Chree, meli ya abiria na magari inayohudumia kisiwa cha Man. Vifaa vya kijeshi vikamaliziwa kufungwa Melbourne, na Juni 2007 ikakabidhiwa.

Kwenye karatasi ilikuwa bidhaa nzuri. Urefu mita 131, nafasi ya kuegesha magari ya mita 403 kwa mstari (kwa lori la mita 10, hayo ni malori 40), uwezo wa kubeba askari 250, winchi mbili, mashua mbili za kuteremshia mizigo, na hospitali ndogo yenye chumba cha upasuaji. Mabaharia wa msingi wa kuiendesha walikuwa wachache kuliko wale wa manowari ya ukubwa huo, wakizidi kidogo 50. Kwa mwajiri, hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, maana mshahara hulipwa kila mwezi, meli ikienda au isiende.

Tatizo ni kwamba mnunuzi aliingia sokoni akiwa ametaja bajeti yake kwanza, milioni 500 kwa meli saba, kisha akaorodhesha kazi zote alizotaka ndani ya bajeti hiyo. Canterbury ilitakiwa kubeba malori visiwani, kufundisha mabaharia, kufanya doria, na pia kuhimili bahari chafu ya kusini kuelekea Antaktika. Mchoro wa pantoni ya kisiwa cha Man haukuwahi kuahidi yote hayo. Boti zake za mwendo kasi ziliwekwa katika vijumba vya ubavuni, karibu na maji. Julai 2007, mwezi mmoja tu baada ya kukabidhiwa, bahari kali iliichukua mojawapo. Oktoba mwaka huo huo boti nyingine ilipinduka wakati inateremshwa, na baharia mmoja akafa.

Serikali ilimteua John Coles kuongoza uchunguzi wa kujitegemea, na ripoti ikatolewa Septemba 2008. Kwa ufupi ilisema meli inaweza kufanya kazi yake ya msingi baada ya kurekebishwa, lakini itabaki na mipaka yake katika bahari kali kwa sababu asili yake ni meli ya kibiashara. Wakati huo Tenix ilikuwa imenunuliwa na BAE Systems. Mazungumzo ya fidia yaliyohusu meli zote za mkataba yakamalizika mwaka 2010 kwa kampuni hiyo kukubali takriban dola milioni 84 za New Zealand, na vijumba vya boti vikahamishwa.

Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wa vitu vikubwa hulisahau. Fidia ile ilipatikana kwa sababu kulikuwa na mkataba, muuzaji mkubwa mwenye mali, na maandishi ya nini kiliahidiwa. Katika meli ya mtumba iliyouzwa kama ilivyo, mnunuzi angeulizwa kwa nini hakukagua.

Na je, meli yenyewe ilifaa? Jibu la haki ni kwamba ilifaa, na kwa kiasi kikubwa. Tarehe 22 Februari 2011 tetemeko lilipobomoa sehemu za mji wa Christchurch, Canterbury ilikuwa imetia nanga jirani, katika bandari ya Lyttelton. Mabaharia wake wakapika na kugawa zaidi ya sahani 1,000 za chakula kwa wenyeji, na meli ikafanya safari za kuleta vifaa kutoka Wellington. Februari 2016 ilipelekwa Fiji baada ya Kimbunga Winston. Novemba mwaka huo tetemeko la Kaikoura lilipofunga barabara na reli, meli hiyo ndiyo iliyoondoa mamia ya wenyeji na watalii waliokwama. Kwa kazi hizo pantoni ya kijivu ilikuwa chombo sahihi. Ilikosea pale tu ilipolazimishwa kuwa kitu kingine.

HESABU YA SIKU MOJA

Msomaji mwenye kalamu anaweza kufanya hesabu ambayo wizara nyingi haziifanyi. Dola milioni 177 zikigawanywa kwa uhai wa miaka 30 ni dola milioni 5.9 kwa mwaka, kabla ya mafuta, mishahara, chelezo na spea. Tuseme meli iko tayari kwa kazi siku 200 za mwaka. Kila siku ya utayari, kwa upande wa mtaji peke yake, imegharimu dola 29,500. Tuseme sasa kwamba kwa ubovu na uhaba wa mabaharia iko tayari siku 60 tu. Siku ile ile inakuwa imegharimu zaidi ya dola 98,000. Namba hizo za siku ni za mfano, lakini zinaonyesha kuwa meli rahisi isiyotoka ni ghali kuliko meli ghali inayotoka. Charles Upham ya milioni 14, kwa safari chache ilizofanya, ilikuwa mojawapo ya meli ghali zaidi kwa siku.

Wala si ubovu peke yake unaofunga meli. Mwaka 2022 New Zealand ilijikuta na meli tatu kati ya tisa zake zimefungwa Devonport, mafundi na mabaharia wenye ujuzi wakiwa wameacha kazi kwenda kutafuta mishahara mizuri zaidi. Injini zilikuwa nzima. Waliokosekana ni watu.

KWA NINI ANAUZA?

Jirani wa New Zealand, Australia, naye alifika sokoni mwaka ule ule wa 1994. Alinunua kwa Marekani meli mbili za kuteremshia vifaru zilizoundwa miaka ya mwanzo ya 1970, kwa dola milioni 61 za Australia zote mbili. Zilikuwa na kutu kuliko ilivyodhaniwa. Ukarabati ukachukua miaka, na gharama zikapanda kufikia mamia ya milioni. Zilipopona zilifanya kazi ya maana, na moja yake, Kanimbla, ilikwenda Aceh, Indonesia, baada ya tsunami ya Desemba 2004. Lakini kutu haisahau. Kimbunga Yasi kilipopiga jimbo la Queensland Februari 2011, Australia haikuwa na hata meli moja kubwa ya aina hiyo iliyokuwa tayari kutoka.

Aibu hiyo ikaleta ununuzi ambao pengine ndio bora kuliko yote katika soko hili kwa miaka ya karibuni. Uingereza ilikuwa imebanwa na bajeti, na katika mapitio ya ulinzi ya mwaka 2010 iliamua kuachana na Largs Bay, meli ya mita 176 iliyoanza kazi mwaka 2006 tu, na ambayo mapema mwaka huo wa 2010 ilikuwa imepeleka misaada Haiti. Aprili 2011 Australia ikashinda zabuni kwa pauni milioni 65, na Desemba ikaiingiza kazini kwa jina la Choules.

Tofauti ya manunuzi hayo mawili iko katika swali moja ambalo dalali hapendi kuulizwa: kwa nini mwenye mali anauza? Marekani iliuza kwa sababu chombo kimechoka. Uingereza iliuza kwa sababu yeye ndiye aliyechoka, mfukoni. Anayeuza kwa shida ya fedha huacha thamani mezani, na anayeuza kwa sababu ya uchakavu humhamishia mnunuzi bili ya gereji. Tena Uingereza ilibaki na meli tatu ndugu za ile iliyouzwa. Hivyo spea na mafundi wanaozifahamu hawakupotea.

Hata hivyo mtumba ni mtumba. Juni 2012, miezi sita tu tangu ianze kazi, transfoma ya mfumo wa umeme unaoendesha meli iliungua, na Choules ikakaa nje ya kazi hadi mwaka uliofuata. Ilijilipa baadaye. Mwanzoni mwa Januari 2020 moto wa nyika ulipozingira mji mdogo wa Mallacoota na kufunga barabara zote, watu waliokimbilia ufukoni walichukuliwa kwa bahari. Choules na meli nyingine ndogo, Sycamore, ziliondoa zaidi ya 1,000. Mashua bapa zilizosanifiwa kuteremsha vifaru zikawa zinapandisha watoto na mbwa.

Kuna wanaodhani dawa ya matatizo haya ni kununua kitu cha bei kubwa. Australia hiyo hiyo ina meli mbili za mita 230, Canberra na Adelaide, zilizogharimu kiasi cha dola bilioni 3 za Australia, kila moja ikihitaji mabaharia zaidi ya 350. Adelaide ilitumwa Tonga Januari 2022 ikiwa na hospitali ya vitanda 40 na tani zaidi ya 80 za misaada. Ilifika tarehe 26 ikiwa na wagonjwa 23 wa UVIKO-19 na hitilafu ya umeme. Ilishusha mzigo wake, jambo la kusifiwa, lakini meli ndogo zilikuwa zimeshatangulia siku kadhaa. Mwaka huo huo Australia ilinunua meli iliyosanifiwa kuhudumia visima vya mafuta baharini, ikaiita Reliant, ikaiweka chini ya mabaharia wa kiraia kwa ajili ya kazi za visiwani. Huo ni ushahidi kwamba hata mwenye meli za mabilioni anahitaji kipunda cha kazi za kila siku.

BEI YA SURABAYA

Kwa nchi isiyo na mfuko wa Australia wala haki ya kwanza kwenye mauzo ya Uingereza, soko la kuvutia liko Surabaya, Indonesia. Kiwanda cha serikali cha PT PAL kilijifunza kuunda meli za aina hii kwa mchoro wa kampuni ya Daesun ya Korea Kusini, kikaziundia kwanza Indonesia yenyewe. Mteja wa nje akawa Ufilipino.

Sababu yake inajulikana. Novemba 2013 Kimbunga Haiyan kiliua zaidi ya watu 6,000 Ufilipino na kuharibu mji wa Tacloban. Jeshi la majini la nchi hiyo lilikuwa na meli chache za mizigo, nyingine zikiwa za enzi za Vita Kuu ya Pili. Mwaka 2014 mkataba wa meli mbili ukasainiwa kwa pesa bilioni 3.87 za huko, takriban dola milioni 92 za Marekani. Hiyo ni milioni 46 kwa moja. Tarlac ilikabidhiwa 2016, Davao del Sur 2017. Kila moja ina urefu wa mita 123, inakwenda maili 16 kwa saa, inabeba watu 500 na helikopta, na shetri yake hufunguka kutoa mashua za mizigo. Mwanzoni mwa 2020 Davao del Sur ilisafiri hadi Muscat, Oman, kwa tahadhari ya kuwaondoa Wafilipino kama hali ya Ghuba ingeharibika. Mwaka 2022 serikali ikarudi kiwandani na kuagiza nyingine mbili. Katika biashara, mteja kurudi na oda ya pili ni cheti kuliko tangazo lolote.

Bei hiyo ndogo haina uchawi. Ujira wa Surabaya ni mdogo, mchoro umeshalipiwa na wateja waliotangulia, injini ni za kibiashara ambazo spea zake zinapatikana katika bandari nyingi, na silaha nzito hazikuwa sehemu ya bei ya bati. Anayetaka ubavu wa kuhimili bahari ya Antaktika hataupata kwa fedha hiyo.

UKANDA WETU

Katika pwani ya Afrika Mashariki somo hili lilionekana Machi 2019, Kimbunga Idai kilipoifunika Beira, Msumbiji. Miongoni mwa wa kwanza kufika kwa bahari walikuwa Wahindi, kwa meli za Sujata, Sarathi na Shardul zilizokuwa tayari katika bahari hii zikageuzwa njia. Machi 2021 meli nyingine ya India, Jalashwa, ilitia nanga Anjouan, Komoro, ikiwa na tani 1,000 za mchele.

Jalashwa nayo ni mtumba. Iliundwa Marekani, ikaanza kazi mwaka 1971 kwa jina la Trenton, na India ikainunua mwaka 2007 kwa takriban dola milioni 48 za Marekani, helikopta zake zikilipiwa mbali. Ni bei inayokaribia sana ile ya meli mpya ya Surabaya. Februari 2008 gesi ya sumu ilivuja ndani ya meli na kuua mabaharia kadhaa. Mitambo yake inatumia mvuke, teknolojia ambayo mafundi wake wanapungua kila mwaka duniani. India inaimudu kwa sababu ina viwanda vikubwa vya meli na mafundi wa kutosha nyumbani. Nchi ndogo ambayo ingeshawishika na bei ile ingelazimika kumwita fundi kutoka nje kwa kila bomba.

Mnunuzi akishapata chombo kizuri kwa bei nzuri, bado hajamaliza. Mwaka 2018 New Zealand ilinunua kwa dola milioni 103 za nchi hiyo meli ya Norway iliyotengenezwa 2003 kwa kazi za visima vya mafuta, ikaiita Manawanui, kwa ajili ya upimaji wa bahari na kazi za wapiga mbizi, kazi ile ile inayotangulia misaada baada ya tsunami. Chombo hakikuwa na kasoro kubwa iliyolalamikiwa. Tarehe 5 Oktoba 2024, ikipima bahari kusini mwa kisiwa cha Upolu, Samoa, ilipanda mwamba, ikashika moto, na asubuhi iliyofuata ikazama. Watu wote 75 waliokuwamo waliokoka. Uchunguzi ulibaini kuwa walioiongoza hawakutambua kuwa usukani wa kujiendesha ulikuwa bado umewashwa, wakadhani injini zimeharibika, na ukataja upungufu katika mafunzo.

Milioni 103 zikaenda chini ya bahari. Baada ya hapo ikafuata bili ya kuondoa mafuta kutoka kwenye bati lililozama, na mwaka 2025 New Zealand ikakubali kuilipa Samoa fidia ya tala milioni 10. Wavuvi wa Siumu walikuwa wameshapoteza msimu mzima wakizuiwa kuvua karibu na mabaki hayo.